Fundi Hajipimi Mguu

Karakana, 4 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Pokea salamu za nyumba nzima, za moyoni na za kulazimishwa. Mama hajambo, kikohozi kimepona na sauti ya kuamrisha imerudi pale pale. Paka amezaa tena, safari hii ndani ya boksi la visigino. Baba ni yule yule unayemjua: misumari mdomoni tangu asubuhi, na kwa kisingizio cha misumari hasemi na mtu mpaka jioni. Nilipomwambia nakuandikia, alitikisa kichwa. Nimeamua kwamba hiyo ilikuwa salamu, basi ipokee.

Salamu zimekwisha, kaa kitako, sasa tuongee.

Mhariri wa gazeti alileta viatu vyake kutiwa soli. Akiwa anangoja na soksi zake, akaona karatasi nilizoandika kuhusu matembezi yangu ya kule bondeni, akazisoma zote. Akasema, "Binti, wewe una macho." Nikamwambia macho yenyewe yana njaa, yanataka kuliona lile ziwa lililo nyuma ya mlima wenu. Akacheka. Alipoona mimi sicheki, akaacha. Akakiri kwamba gazeti lake limeandika habari za ziwa hilo tangu enzi za baba yake, na hakuna mwandishi hata mmoja aliyewahi kuliona. Nikienda na kuandika niliyoyaona mwenyewe, atayachapa ukurasa wa mbele, kwa jina langu. Lakini niwe nimevuka kabla ya Septemba, mvua hazijaifunga njia. Nisipovuka, safari atapewa mwandishi wa habari za mpira, mtu anayehema akipanda ngazi za ofisini!

Sasa kinachonikwamisha ni viatu, na usinicheke. Unaukumbuka ukuta wa kalibu, ile miguu ya mti inayoning'inia juu ya benchi, kila mmoja umechongwa kwa mguu wa mtu wake. Unaijua na kanuni: anachongewa kalibu mtu anayekula kwa miguu yake. Tarishi anayo, mpima ardhi anayo, askari wa doria anayo. Sisi wengine tunavaa namba iliyopo rafuni na kushukuru. Pale ukutani hakuna mguu wa mwanamke. Mimi nataka wangu uwe pale, na kiatu kitakachotoka kwenye mguu huo kinifikishe ziwani. Baba sijamwambia.

Halafu, Shangazi, wewe unaishi chini ya mlima huo na unalaza wasafiri kila siku. Kwa nini mwenyewe hujawahi kuvuka? Nikimuuliza Baba, misumari inaongezeka mdomoni.

Mwanao

*

Nyumba ya Wageni, 26 Februari

Kiguu na Njia wangu,

Marahaba, mwanangu, tena marahaba. Barua yako ilifika imelowa kwa sababu dereva wa lori aliiweka chini ya kreti za soda. Huku wazima wote isipokuwa paa. Mpishi wangu amegombana na jiko, jiko limeshinda, na wageni wanakula mkate mkavu na kusifia hewa ya mlimani. Mpe pole mama yako kwa kikohozi, na kwa mume. Huyo kaka yangu mwambie kutikisa kichwa kwake kumefika, nami namtikisia changu.

Umeuliza mambo mawili. Nakujibu moja.

Mlima unavukika. Wauza chumvi hupanda mpaka soko la kileleni, hubadilishana mizigo na watu wa upande wa pili, kisha hugeuza. Mbele ya hapo mtu wa huku haendi, si kwa sababu kunatisha, bali kwa sababu chumvi imeshauzwa. Kiongozi wao tunamwita Mama Chumvi. Akikohoa, punda wanajipanga mstari. Nimemweleza habari zako, akaniuliza kama unalalamika njiani. Nikamwambia hulalamiki, basi usiniaibishe. Atakufikisha sokoni, na kutoka hapo utakwenda na wenye ziwa lao wakirudi kwao.

Njia yenyewe ni mawe, halafu matope, halafu mawe ambayo yamekasirika. Kiatu cha dukani hakiyaoni hata hayo matope. Niambie nani anakushonea.

Lile swali la pili ni refu, na wino umebaki kidogo.

Shangazi yako

*

Karakana, 19 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mama anasema pole imefika, hasa ile ya mume. Paka wadogo wamefumbua macho. Mimi pia nimefumbua.

Nimemwambia Baba. Nilingoja mpaka wateja watoke, nikamweleza yote: mhariri, ziwa, Mama Chumvi, kalibu. Unajua alichofanya? Aliitoa misumari mdomoni, mchana kweupe, akaiweka kiganjani. Akasema, "Mimi sishoni viatu vya kuniondolea mtu." Akairudisha misumari. Basi, mkutano umefungwa. Mama alikuwa mlangoni na upawa mkononi, upawa ukamdondoka. Sijui upawa ule unajua nini ambacho mimi sijui.

Lakini mimi si binti wa muuza mchicha. Jumapili karakana ikifungwa naingia kwa mlango wa uani. Nimechonga kalibu yangu mwenyewe kwa gogo lililobaki, nimejipima, nimekata ngozi nzito ya mgongoni, nimeshona kwa uzi uliopakwa nta, na soli nimezipiga mara mbili. Vimetoka vizuri mpaka nimekula chakula nikiwa nimeviweka mezani mbele yangu. Mama akaniuliza kama navyo avipakulie.

Baba aliviona. Akavigeuza, akapitisha kidole kwenye mshono, akasema, "Mshono mzuri." Akaenda zake. Shangazi, kwa mtu yule hiyo ni hotuba! Naona nimeshashinda. Mwambie Mama Chumvi ajiandae.

Mwanao

*

Nyumba ya Wageni, 5 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Wazima. Paa bado.

Mshono mzuri si kiatu. Ulijipimaje mguu, uliinama? Babu yako alitufundisha mimi na baba yako kwenye benchi hilo hilo, na kila siku alikuwa akisema mganga hajigangi na fundi hajipimi mguu. Ukiinama kujipima, uzito unahama, kisigino kinanyanyuka, na mguu unakudanganya mchana kweupe. Wewe ndiye fundi wa kwanza katika ukoo kuisahau kanuni hiyo, na umeisahau kwa kiburi, ambacho ni cha ukoo vilevile.

Vaa hivyo viatu. Beba mzigo. Panda kile kilima cha kiwanda cha matofali, ushuke, kisha uniandikie.

Maneno aliyokwambia baba yako nimeyasoma. Nimeyasoma mara nyingi kuliko wewe ulivyoyasikia.

Shangazi yako

*

Karakana, 2 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Watu wazima, mimi nimekufa kwa aibu.

Kilima cha matofali kimenishinda. Kupanda nilipanda, kifua mbele kama mpiga tarumbeta. Kushuka, vidole vilijaa mbele, kisigino kikawa kinapanda na kushuka ndani ya kiatu, na nilipofika nusu ya njia soksi zilikuwa nyekundu. Nikavua. Nikateremka pekupeku, viatu mkononi, mzigo mgongoni. Na unadhani nilikutana na nani mbele ya kiwanda? Mwandishi wa mpira. Akavua kofia, tena ni mpya, amenunua ya safari, akaniuliza, "Ziwani hawajambo?" Wafyatua matofali wote wakacheka, na mimi ningekuwa kando yao ningecheka pia, ndilo lililoniuma.

Baba aliniona nikiingia. Alileta beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akakaa chini, akaniosha miguu yote miwili. Kisigino changu alikishika kiganjani muda mrefu kama mtu anayekadiria uzito wa kitu sokoni. Kisha akanifuta, akasimama, akarudi kwenye benchi.

Shangazi, mtu yule ameujua mguu wangu wote kwa mkono mmoja, na hataki kunisaidia! Nililia kwa hasira, si kwa vidonda. Mhariri amenitumia ujumbe kwamba kofia imeshanunuliwa, hivyo nimpe jibu kamili.

Mama ameanza kusema jambo kukuhusu wewe na Baba mara mbili, na mara zote mbili amekwenda kuangalia sufuria ambayo haikuwa jikoni. Niambie wewe. Ulipoondoka hapa, ulivaa nini?

Mwanao

*

Karakana, 25 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata jibu. Vidonda vimekauka, na mwandishi wa mpira ameanza kufanya mazoezi ya ngazi. Kama nimekuudhi kwa swali langu, nisamehe, lakini nijibu.

Mwanao

*

Nyumba ya Wageni, 11 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Umeniandikia mara mbili nami nikakaa kimya. Usimlaumu dereva, na wino upo wa kutosha.

Nilivaa viatu vya mjini. Vyeusi, vya kifungo pembeni. Soli ya kulia ilibaki kwenye kijito cha kwanza, ya kushoto ikaona haya kubaki peke yake. Nikarudi chini mpaka kwenye nyumba hii, wakati huo ikiwa ya mjane mmoja, nikamwambia nitapumzika wiki moja tu. Sijamaliza kupumzika. Mjane alikwenda zake, Mungu amrehemu, akaniachia funguo, na kila asubuhi nafungua dirisha la juu nautazama huo mlima, nao unanitazama. Tumezoeana. Si kwamba tunapendana.

Usiniulize kwa nini binti wa fundi viatu alipanda mlima na viatu vya mjini. Jibu umeshaniandikia mwenyewe mwezi wa tatu, neno kwa neno, ukidhani mtu wa kwanza kuambiwa ni wewe.

Miaka yote hii kaka yangu nami tunatumiana vichwa vya kutikiswa. Imetosha. Ngoja karakana iwe na watu, kisha simama umsomee haya kwa sauti:

"Kaka, hukunishonea, na niliondoka vilevile. Mtu hazuiliwi kwa kunyimwa viatu, huumia tu njiani. Huyu mtoto ataondoka. Mpime."

Ukimaliza, kunja barua ukae kimya. Usiongeze lako hata moja, nakujua. Kimya ndicho kitakachomfanyia kazi.

Shangazi yako

*

Karakana, 30 Juni

Shangazi!

Shikamoo, shikamoo, na nyingine akiba. Salamu za wengine zitakuja nyuma, leo zimepitwa.

Nilimsomea. Tarishi alikuwepo na mguu mmoja pekupeku, mpima ardhi alikuwepo, na Mama alitoka jikoni kabla sijamwita. Nilisoma, nikamaliza, nikakunja. Nilijiuma ulimi, Shangazi, nakuapia. Tarishi akajifanya anatafuta soksi.

Baba aliitema misumari. Safari hii hakuiweka kiganjani, aliiacha ikamwagika sakafuni. Akasema, "Simama." Nilikuwa nimeshasimama. Akasema, "Beba ule mzigo wa ngozi." Nikaubeba. Akanipima nikiwa nimebeba, wima, kidevu juu. Kisha akanituma nikazunguke mtaa na mzigo wangu, nikarudi jasho linanitoka, akanipima upya, akasema mguu uliochoka ndio unaosema kweli. Mpima ardhi alishika kamba upande mmoja. Mama alipiga makofi mpaka paka akahamisha watoto.

Kalibu yangu iko ukutani! Iko kati ya tarishi na mpima ardhi, nyeupe bado, inanukia mti mbichi. Viatu alivyonishonea nimepanda navyo kilima cha matofali na kushuka na kupanda tena, na wafyatua matofali wamenipigia mbinja, za heshima nadhani. Mwandishi wa mpira amesema kofia ataivalia uwanjani.

Lakini nikwambie lililonitoa machozi. Baba alipokuwa akitundika kalibu yangu, alipanda kigoda, akaingiza mkono nyuma ya rafu ya juu kabisa, akatoa nyingine iliyojaa vumbi. Nyembamba, ya kike, imechongwa vizuri kuliko zote zilizopo. Nikauliza ya nani. Akaifuta kwa aproni yake pole pole. "Ya dada yangu. Niliianza siku ileile aliyoondoka. Nilipomaliza, alishafika mbali." Mama alikaa chini. Alijua ugomvi, kalibu hakuijua hata yeye.

Baba sasa anashona kitu, na nikikaribia anakifunika. Nimeambiwa nitakuletea kifurushi na nisikifungue. Naondoka Ijumaa kwa lori la soda. Nikishuka usinihurumie vumbi, nitazame miguuni.

Mwanao

*

Kando ya Ziwa, 28 Julai

Shangazi,

Shikamoo kutoka upande wa pili.

Nimeliona. Naliona sasa hivi, nikiinua macho. Ni pana kiasi kwamba ng'ambo yake naona rangi tu, na maji yake asubuhi ni ya kijani, mchana yanakuwa meusi kama chai iliyosahaulika. Gazeti letu limeandika miaka yote kwamba ziwa hili linanuka na halina pa kutokea. Halinuki. Na pa kutokea pana: upande wa mashariki kuna mto unaotoka, mpana, wenye haraka zake, na nilipouliza unakwenda wapi, kila mtu alinionyesha kwa kidevu na kusema, "Mbele." Hakuna aliyeufuata. Shangazi, nilisimama pale nikapiga kelele peke yangu kama mwehu. Niliyetoka karakana nikiambiwa nivae namba ya rafuni!

Nalala kwa mfinyanzi, mama mmoja mwenye mikono mipana na mdomo usiolala. Nilimwambia kwa fahari kwamba mimi ni wa kwanza kutoka kwetu kulifikia ziwa lao. Akaniuliza, "Na sisi tuliozaliwa hapa tulichelewa?" Nimeiandika hivyo hivyo kwenye habari ya kwanza, iwe mstari wa kwanza. Naye kila jioni ananiuliza mambo ya kwetu, ngazi za ofisini, lori, karakana, anacheka mpaka anashika mbavu. Anasema kwetu kuna maajabu, mtu akaandike.

Mama Chumvi alipoachana nami sokoni alisema sikulalamika. Nimefurahi kuliko siku niliyosifiwa na mhariri. Miguu mikavu, vidole vyote kumi vipo, kisigino kimetulia.

Habari tatu za gazeti nimezifunga pamoja na barua hii, zitume kwa lori. Mwambie mhariri akichapa maneno yangu achape na jina langu lote, la kwangu, la baba na la babu. Kifurushi nilichokuachia mezani hukukifungua nilipokuwepo. Najua. Sikuuliza, ila sasa nauliza.

Mwanao

*

Soko la Kileleni, 30 Agosti

Mwanangu, Kiguu na Njia kweli kweli,

Marahaba. Soma hapo juu nilipoandika mahali, kisha soma tena.

Kifurushi sikukifungua ulipokuwepo kwa sababu mengine mtu huyafanya wageni wakishatoka. Ulipoondoka nilikifungua. Nikaviweka viatu vilivyokuwa ndani dirishani, nikavitazama kila siku kama nilivyozoea kuutazama mlima. Kuvivaa sikuvivaa. Nilijiambia paa linavuja, mpishi na jiko hawajapatana, nani atapokea wageni.

Wiki iliyopita lori la soda lilisimama, na juu ya kreti alikuwa amekaa kaka yangu. Karakana ameifunga. Ameifunga, mwanangu, hata babu yako alipofariki haikufungwa siku nzima. Alishuka na gazeti ndani ya koti, akalitandaza mezani kwangu bila hata kusema hodi. Ukurasa wa mbele. Jina lako lote, la kwako na la baba na la babu, herufi nene kama nguzo. Anasema tarishi amelisoma mlango kwa mlango kama ndiyo barua zenyewe, mhariri amechapa mara mbili likaisha, na anataka habari za mto. Ukutani pale kuna miguu ya wanawake watatu sasa. Mmoja ni mwalimu. Hajui bado anakwenda wapi, amesema anataka kalibu kwanza.

Tulikunywa chai. Akaona viatu dirishani vikiwa havijaguswa. Akasema, "Kaa." Nikakaa. Yeye, na magoti yale, akapiga magoti, akanivika, akanifunga kamba mwenyewe.

"Vinabana?"

"Kidole gumba, kidogo."

"Umenenepa."

"Nawe umechelewa."

Akacheka, nikacheka, mpishi akaja kuuliza kama kuna msiba. Tulikuwa tunalia wakati huo. Kisha akasema, "Nenda, dada yangu. Nyumba nabaki nayo mimi. Rudi unisimulie huko kukoje." Nikamwambia paa linavuja. Akasema misumari anayo.

Kijito cha kwanza nilikivuka nikiwa nimesimama katikati yake kwa makusudi, maji yakapita juu ya kiatu, soli zikabaki na mwenyewe. Mama Chumvi alinitazama, akasonga na punda wake. Matope nimeyaona sasa, na mawe yaliyokasirika nimeyaona, na mimi nimekasirika zaidi.

Naituma barua hii mbele na vijana wa ziwani kwa kuwa wao wanakimbia, mimi natembea. Nimewaambia nitapumzika hapa siku moja tu. Safari hii ni siku moja kweli. Mawingu yamekaa nyuma yetu, njia itafungwa wiki hii, hivyo hakuna wa kuturudisha hata akitaka. Mwambie mfinyanzi atandike kitanda cha pili. Na huo mto usiuguse mpaka nifike, tutaufuata wote wawili.

Nakuja kwa miguu yangu.

Shangazi yako